Kamera zimejaa Nairobi, ila nyingi hazina sauti

MTU anayetembea kutoka Moi Avenue hadi Westlands siku hizi hawezi kuzihesabu kamera zinazomtazama. Zimo kwenye nguzo za barabarani, milangoni mwa benki, ndani ya lifti, juu ya malango ya nyumba za kupangisha kule Kilimani na Kileleshwa, na hata katika vibanda vya M-Pesa. Tangu shambulio la Westgate mnamo Septemba 2013, kamera imekuwa jibu la kwanza kila panapozungumziwa usalama jijini. Mwenye jengo huzitaja anapotafuta wapangaji, nayo Serikali huzitaja inapojibu maswali ya wabunge.

Hata hivyo, kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa. Kamera ikishaona jambo, hufanya nini? Mara nyingi jibu ni moja: hurekodi.

Nyuma ya kamera nyingi za kitaalamu, na nyuma ya mashine inayorekodi picha, huwa kuna safu ya vitundu vidogo vya kukazia waya. Baadhi yavyo ni vya kupokea ishara ya hatari kutoka nje, kwa mfano kutoka kwa kitufe kilichofichwa chini ya meza ya karani, sumaku iliyotiwa mlangoni au kifaa cha kutambua moshi darini. Vingine ni vya kutoa amri kupitia rilei, yaani swichi ndogo inayojifunga na kujifungua yenyewe ikiamrishwa na umeme. Rilei hiyo inaweza kupiga king'ora, kuwasha taa za uani, kufungua lango au kulifunga. Fundi aliyenunua vifaa vyake Luthuli Avenue akimaliza kazi, mara nyingi vitundu hivyo hubaki vitupu. Picha inaonekana kwenye skrini, mteja ameridhika, malipo yametolewa.

Katika vitundu hivyo vitupu ndimo lilimo pengo kubwa la usalama wa jiji hili. Wala si pengo geni. Limejitokeza mara kadhaa katika historia ya karibu ya Nairobi, kila mara likiwa na sura tofauti.

Tuanze na Agosti 7, 1998. Lori lililobeba bomu lilifika nyuma ya Ubalozi wa Marekani, uliokuwa kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Mlinzi wa lango la nyuma, ambaye hakuwa na silaha, alikataa kufungua kizuizi. Washambuliaji wakafyatua risasi na kurusha guruneti. Juhudi za walinzi kupasha habari ndani kwa redio na simu hazikufua dafu. Kisha bomu likalipuka na kuua watu 213 jijini Nairobi.

Tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilichapisha ripoti yake Januari 1999. Ndani yake mna jambo moja la kuhuzunisha. Watu wengi waliokuwa ofisini waliposikia mlio wa kwanza walikwenda madirishani kutazama kilichotokea, na vioo vya madirisha hayo ndivyo vilivyowaangukia bomu lilipolipuka. Muda kati ya guruneti na bomu ulikuwa mfupi mno, lakini ulikuwapo. Tume ikapendekeza pawe na kengele maalum ya kuwaambia watu walale chini na wajitenge na madirisha, na wafanyakazi wafunzwe kuitambua sauti yake. Kwa lugha ya mafundi, hii ndiyo kazi ya kitufe kimoja langoni, waya mbili, rilei na king'ora.

Miaka 15 baadaye, Jumamosi ya Septemba 21, 2013, watu wanne wenye silaha waliingia jengo la Westgate mtaani Westlands, wawili kupitia mlango wa mbele na wawili kupitia njia ya magari inayoelekea kwenye maegesho ya juu, ambako watoto walikuwa katika shindano la mapishi. Watu 67 waliuawa, na mzingira ule ukaendelea hadi Septemba 24. Jengo lilijaa kamera. Picha za kamera zaidi ya 100 zilikuja kutumiwa kutengeneza filamu ya matukio halisi iliyoonyeshwa ng'ambo mwaka wa 2014, na Wakenya walitazama kwa fedheha wanajeshi wakitoka katika duka kuu wakiwa na mifuko mikononi.

Kamera zile, basi, zilifanya kazi yake barabara, lakini kama shahidi wa mahakamani tu. Katika siku za mwanzo maafisa wa Serikali walisema washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15. Ni kamera zilizokuja kudhihirisha baadaye kwamba walikuwa wanne. Idadi hiyo ilikuwa imo ndani ya mashine tangu dakika za kwanza.

Itakuwa kosa kudai kwamba kengele ingewaokoa waliopigwa risasi mlangoni. Bunduki ni kengele tosha kwa aliye karibu nayo. Lakini jengo la ghorofa kadhaa lina watu wengi wasiojua mlio unatoka wapi na wakimbilie upande gani. Kuna waliosalimika Westgate kwa kujifungia ndani ya ghala za maduka, na kuna waliosalimika kwa kupitia milango ya nyuma. Mlango uliofungwa ulimwokoa mmoja, uliofunguka ukamwokoa mwingine, na uamuzi ulifanywa na kila mtu peke yake, kwa kubahatisha.

Serikali ilijibu kwa kununua macho zaidi. Mnamo 2014 kampuni ya Safaricom ilipewa kandarasi ya Sh14.9 bilioni ya kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano na uchunguzi uliohusisha kamera takriban 1,800 Nairobi na Mombasa, huku vifaa vikitoka Huawei. Mfumo huo ulikuwa na kitu ambacho Westgate haikuwa nacho, yaani chumba kimoja ambamo afisa anaweza kuona picha na kuzungumza na askari aliye barabarani kwa wakati mmoja. Aidha, yapo mambo mengine yaliyobadilika. Washambuliaji watano walipoingia 14 Riverside mnamo Januari 15, 2019 na mmoja wao kujilipua nje ya mkahawa wa Secret Garden, vikosi vya usalama vilifika upesi zaidi na mamia ya watu wakatolewa katika majengo yaliyo ndani ya ua huo. Watu 21 waliuawa, na asubuhi iliyofuata shambulio likatangazwa kuwa limekwisha. Kamera ya pale ilimnasa yule wa kujilipua akiwa amesimama peke yake kabla ya mlipuko. Picha hiyo sote tuliiona, ila tuliiona kwenye runinga.

Kwa nini basi vitundu vile havitumiwi? Sababu moja ni kwamba kazi yenyewe, ingawa ni ya gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya kamera, inadai kufikiri. Waya ya kupokea ishara ina hali mbili. Mzunguko wake unaweza kuwa wazi wakati wa amani na kufungwa hatari inapotokea, au kinyume chake. Kwenye vifaa vingi hali hizo huandikwa kwa herufi N.O. na N.C., na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukichagua ile ya kwanza, mwizi akiukata waya hakuna kitakachotokea, kwa kuwa mashine itadhani bado ni amani. Ukichagua ya pili, ambapo umeme mdogo hupita kwenye waya wakati wote, kuukata waya ni sawa na kubonyeza kitufe: kengele italia. Kwa kitufe cha dharura au mlango wa ghala, hii ya pili ndiyo yenye busara.

Kisha programu ya kamera nayo lazima iambiwe hali iliyochaguliwa. Fundi akiunganisha waya kwa namna moja na kuweka mipangilio kwa namna nyingine, king'ora kitalia mchana kutwa mlango ukiwa umefungwa, na kitanyamaza mlango utakapovunjwa. Kitaanza kulia Jumatatu, na kufikia Jumatano mlinzi atakuwa amekichomoa.

Mambo hayo ya kuchomoa king'ora yanastahili kuangaliwa, kwa sababu kamera zenye uwezo wa kutambua mwendo huunganishwa moja kwa moja na kengele bila kufikiria mazingira. Mitaa ya magharibi mwa jiji ina mijakaranda inayopukutisha maua kuanzia Septemba hadi Novemba. Ina paka, popo, mvua za usiku na taa za magari yanayogeuka. Kila kimojawapo ni mwendo mbele ya kamera. Mlinzi wa zamu ya saa 12 aliyeamshwa na ua la mjakaranda mara tisa hatakimbia mara ya kumi. Ndiyo maana wataalamu hupendelea ishara mbili zinazothibitishana, kwa mfano sumaku ya mlango pamoja na mwendo katika ukumbi, kabla ya rilei kuamrishwa kupiga king'ora. Kamera peke yake iachiwe kazi nyepesi, kama kuwasha taa.

Isitoshe, rilei iliyomo ndani ya kamera ni dhaifu. Nyingi haziwezi kubeba hata nusu ya ampea kwa umeme wa volti 12, ilhali kufuli kubwa la sumaku hutaka kiasi kama hicho au zaidi, na mota ya lango hutaka mara nyingi zaidi ya hapo. Fundi mwenye haraka huunganisha moja kwa moja, na rilei huungua au kugandiana. Rilei iliyogandiana haisemi kitu. Itajulikana siku itakapohitajika. Dawa yake ni kuweka katikati rilei nyingine yenye nguvu, pamoja na umeme wake mbali, kazi ambayo fundi yeyote wa stima anaifahamu.

Hadi hapa tumezungumzia kengele isiyolia. Upo upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio wa hatari zaidi: rilei inayotii amri isiyofaa. Kengele isiyolia humwacha mtu gizani, lakini mlango usiofunguka humuua.

Januari 28, 2009, moto uliteketeza duka la Nakumatt Downtown katikati ya jiji. Watu zaidi ya 20 waliangamia, na baadhi ya mabaki hayakuweza kutambulika. Palizuka madai mazito kutoka kwa walioshuhudia kwamba milango ilifungwa ili kuzuia wizi, madai ambayo yalibishaniwa sana. Vyovyote iwavyo, hofu iliyotajwa ni hofu halisi ya kila mwenye duka: kukitokea kishindo, bidhaa zitatoka bila kulipiwa. Miaka minane kabla yake, Machi 2001, wavulana 67 walikuwa wamefia katika bweni la Kyanguli, Machakos, ambamo mmoja wa milango ulikuwa umefungwa.

Sasa tuitazame hofu hiyo ikiwa imeingizwa ndani ya mashine. Mwenye duka anamwambia fundi: "Kengele ikilia, milango ijifunge." Fundi anatii, kwa kuwa ni jambo rahisi, ni kuunganisha kitundu cha kutoa amri na kufuli la umeme. Hakuna aliyeuliza ni kengele ipi. Ya mwizi? Ya moshi? Kitufe alichobonyeza karani kwa kuwa meza yake imeshika moto? Mashine haitofautishi isipoambiwa. Ile amri iliyotolewa na mwanadamu mmoja mwaka 2009, ikiwa kweli ilitolewa, leo inaweza kutolewa bila mwanadamu yeyote kuwapo.

Pia kuna suala la stima. Makufuli ya umeme ni ya namna mbili. Kufuli la sumaku hushika mlango maadamu umeme upo. Ukipotea, mlango unaachia. Yapo mengine ambayo umeme ukipotea hubaki yamefungwa. La kwanza linafaa mlango wanaoutumia watu kutoroka, la pili linafaa stoo ya pesa ambamo hakuna anayeketi. Madukani yote mawili huuzwa kwenye rafu moja, na mnunuzi huangalia bei. Nchi hii yenyewe ina uzoefu wa kutosha wa stima kupotea. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia mtambo katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili akasalimika, tukaambiwa. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea tena kote nchini na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukapata giza. Katika saa kama hizo, mamia ya milango jijini hufanya uamuzi ambao hakuna aliyewahi kuujadili: kufunguka au kufungika.

Kanuni ya msingi inajulikana duniani kote na haina utata. Kitambua moshi kikiamka, kinapaswa kukata umeme wa makufuli ya njia za kutorokea moja kwa moja, kwa waya, bila kusubiri kamera wala programu yoyote itoe idhini. Kamera ipashwe habari, irekodi na imwonyeshe mlinzi mahali penye moshi, lakini isiwe hakimu. Na upande wa ndani wa mlango pawe na kitufe au mpini ambao mtu yeyote anaweza kuutumia katika giza. Betri ya akiba inayoendesha kamera isiwe ndiyo inayoendesha sumaku hizo pasi na namna ya kuikata.

Wezi nao hawajalala. Kamera nyingi za langoni zimewekwa nje ya ukuta, katika kimo ambacho mtu aliyesimama juu ya pikipiki anaweza kukifikia. Ikiwa rilei inayofungua lango imo ndani ya kamera hiyo, mwizi hahitaji ufunguo. Ataibandua kamera ukutani, aguse waya mbili kwa pamoja, na lango litafunguka kwa adabu. Rilei ya lango inapaswa kuwa ndani, katika chumba cha mlinzi. Na ikiwa mfumo umeunganishwa na intaneti kwa nenosiri la kiwandani, basi hata ngazi haihitajiki. Mwaka wa 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, kamera na mashine za kurekodi zikiwamo, kwa kujaribu tu maneno ya siri ambayo wenyewe hawakuyabadilisha.

Kisa cha karibuni kilitokea mahali ambapo raia angetarajia usalama zaidi. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu aliyekamatwa Homa Bay, alifariki akiwa mikononi mwa polisi baada ya kufikishwa Kituo Kikuu cha Polisi jijini Nairobi. Polisi walidai kwanza kwamba alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyoafikiana na kauli hiyo. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ikaieleza Seneti kwamba mfumo wa kamera za kituo hicho ulikuwa umeingiliwa.

Hapa kamera haikukosa kuona. Kilichokosekana ni mtu wa nje wa kuambiwa wakati ule ule kwamba mashine inafunguliwa. Vitundu vya kupokea ishara vinaweza kuunganishwa na swichi ndogo ndani ya kasha la mashine ya kurekodi, ili kasha likifunguliwa ishara itoke. Mashine nyingi pia zinaweza kutoa onyo diski inapoondolewa au kamera inapopoteza picha. Suala ni ishara hiyo iende kwa nani. Ikilia kwenye meza ya mkuu wa kituo kinachochunguzwa, haina faida. Ikifika katika ofisi ya IPOA, saa na dakika vikiwa vimeandikwa, aliyetumwa kufuta picha atajua kwamba kitendo chenyewe kimeshajiandika mahali asipopafikia. Bunge halijawahi kudai hilo kwa uzito linaostahili, ingawa gharama yake ni ndogo mno kando ya Sh14.9 bilioni.

Sheria zetu zimejishughulisha na kutazama kuliko kutenda. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamdai mwenye kamera aeleze kwa nini anakusanya picha za watu. Hayo ni muhimu, maana macho hayana pazia. Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za 2007 nazo zinadai njia za kutokea zisizibwe. Lakini mlango ulio wazi saa nne asubuhi mkaguzi anapopita, na ambao utajifunga kwa amri ya rilei saa nne usiku, haujazibwa kwa macho ya mkaguzi huyo. Ataandika kwamba umepita.

Kaunti ya Jiji la Nairobi, ambayo hutoa vyeti vya usalama wa moto, inaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Mwenye jengo atakiwe kuwasilisha ukurasa mmoja tu unaoonyesha kila ishara inayoingia, kila rilei inayotoka, inafungua nini, inafunga nini, na nini hutokea stima ikipotea. Wengi hawataweza kuuandika, kwa kuwa aliyekuwa akijua ni fundi aliyeondoka zamani na namba yake haipatikani. Bodi za wapangaji kule Lavington na Kilimani, zinazolipia ulinzi kila mwezi, zina haki ya kudai ukurasa huo huo kutoka kwa kampuni zao.

Ukaguzi wenyewe hauchukui muda mrefu. Ufanywe Jumapili asubuhi, wapangaji wakiwa wamearifiwa. Kitufe cha dharura kibonyezwe, na saa itazamwe hadi mtu atakapofika. Moshi wa majaribio upulizwe chini ya kitambuzi kimoja katika kila ghorofa. Waya mmoja wa mlango wa ghala uchomolewe. Mwisho, swichi kuu ya stima izimwe, jenereta izuiwe kuwaka, betri za akiba zikatwe, na mtu atembee kutoka ghorofa ya juu hadi chini akijaribu kila mlango kwa mkono, akiandika ni upi uliofunguka.